Linux Mint kwa gemu kwenye kompyuta ya mtumba: inafaa kibanda cha Arusha au Moshi?

Tuanze na jibu, maana kuna wanaosoma hapa wakiwa tayari wamesimama dukani. Linux Mint 22, mfumo wa kompyuta unaoshika nafasi ya Windows, ikiwa na Steam (duka la gemu la mtandaoni la kampuni ya Valve) inachezesha gemu vizuri kabisa kwenye Dell OptiPlex 7050 au HP EliteDesk 800 G3 ya mtumba iliyofungwa kadi ya grafiksi ya GTX 1050 Ti. Mfumo ni wa bure, hauna cha kukraki, na unafaa kibanda cha gemu cha Ngarenaro, Sakina au Majengo ya Moshi kwa sharti moja: kibanda hicho kisiwe kinaishi kwa EA Sports FC, gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA. Kama machalii wako wanakuja kwa ajili ya FC 25 tu, usipige Linux. Baki na Windows au PlayStation. Sababu tutaifikia.

Mashine za aina hii zinaendelea kumiminika madukani kwa sababu inayoeleweka. Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. OptiPlex 7050 yenye i5-6500 au i5-7500 imeachwa nje kwa hatua moja au mbili tu. Fundi anaweza kukupigia Windows 11 kwa kuruka ukaguzi, na wengi wanafanya hivyo, ila Microsoft haihakikishi masasisho kwa mashine iliyoingizwa kwa mlango huo. Mint 22 itahudumiwa hadi 2029.

Kilichoifanya Linux ifae kwa gemu ni Proton, programu ya kuchezesha gemu za Windows kwenye Linux, ambayo Valve waliitoa Agosti 2018, kisha Steam Deck, mashine yao ya gemu ya mkononi, iliyoingia sokoni Februari 2022 ikiwa haina Windows ndani. Kuanzia hapo watengenezaji wengi wa gemu walikuwa na sababu ya kujali. Takwimu za Steam za Oktoba 2025 zilionyesha Linux imevuka asilimia 3 ya watumiaji kwa mara ya kwanza. Ni ndogo, lakini gemu za Windows zinazowaka kwa Proton leo ni maelfu.

Ndani ya Proton kuna kazi tatu. Wine inajibu maombi ambayo gemu ilidhani inayapeleka kwa Windows. DXVK inageuza Direct3D (lugha ya michoro ya Windows) ya 8 hadi 11 kuwa Vulkan, lugha ya michoro ambayo Linux inaielewa. VKD3D-Proton inafanya hivyo kwa Direct3D 12. Kwa maneno mengine, karibu kila gemu ya Windows utakayoiwasha itaishia kwenye Vulkan, na kadi isiyoijua Vulkan vizuri haitakufikisha popote hata kama kwenye Windows ilikuwa inacheza. Hapa ndipo pesa nyingi inapopotea.

DXVK kuanzia toleo la 2.0, la Novemba 2022, inadai Vulkan 1.3. Sasa tazama kinachouzwa kwa bei ya chini kabisa mjini: OptiPlex 3020 na 9020, EliteDesk 800 G1, zote za kizazi cha 4 zenye Intel HD 4600. Vulkan ya HD 4600 kwenye Linux haijakamilika. Muuzaji atakuongezea GT 710 aseme "hii ina grafiksi", lakini GT 710 ni ya kizazi cha Kepler, na draiva ya mwisho ya Nvidia kwa Kepler ni ya mfululizo wa 470, isiyofika Vulkan 1.3. GTX 650 ni hivyohivyo. Dalili yake ni ya kuchosha kwa sababu haina ujumbe wowote: unabonyeza Play, kitufe kinageuka Stop kwa sekunde chache, halafu kinarudi Play. Ukiona hivyo kwenye kila gemu, acha kuhangaika na gemu, angalia kadi.

Kama tayari umeshainunua, fungua Properties za gemu ndani ya Steam, nenda Compatibility, uchague Proton 7.0 au ya chini yake, zinazotumia DXVK ya zamani. Ikigoma, weka hii kwenye Launch Options:

PROTON_USE_WINED3D=1 %command%

Hiyo inapita njia ya OpenGL badala ya Vulkan. Gemu za zamani za Direct3D 9 zitacheza. Gemu nzito zitatambaa, na hakuna mpangilio utakaookoa hilo.

Kadi tunazozikubali kwa mashine za ofisi ni chache. GTX 750 Ti, wati 60, kwa gemu nyepesi. GTX 1050 Ti ya gigabaiti 4, wati 75, ndiyo chaguo letu. GTX 1650 ukiipata kwa bei ya kueleweka, ila hakikisha ni ile isiyo na tundu la umeme wa ziada. Zote hizi, zikiwa za aina isiyo na tundu hilo, zinakula umeme kutoka kwenye sloti yenyewe, na hilo ni la lazima kwa sababu pawasaplai ya wati 240 ya OptiPlex 7050 ndefu haina waya wa kulisha kadi. RX 570 na RX 580 zinapendeza zaidi kwa Linux, maana draiva ya AMD imo ndani ya mfumo tayari na huna cha kusakinisha, lakini zinataka waya huo. Pia nyingi zimepitia kuchimba sarafu za mtandaoni: feni zimechoka na pesti imekauka. Weka RX 570 kwenye mashine yenye pawasaplai ya kueleweka, siyo kwenye Dell ya ofisi.

Umbo la kasha nalo liangaliwe kabla ya kulipa. SFF, ile nyembamba, inakubali kadi za kimo kifupi (low profile) tu. Mint haina dawa ya kadi isiyoingia kwenye kasha.

Tahadhari nyingine ni kadi za kughushi. Zipo sokoni "1050 Ti" ambazo ndani yake ni chipu ya kale ya GTS 450 iliyoandikiwa jina jipya. Linux inakupa kipimo kizuri cha kuzikamata, tena kabla hujatoa hela. Beba flashi yenye Mint, washa mashine ya dukani kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote, fungua terminali na uandike:

sudo dmesg | grep -i nouveau

Draiva ya nouveau inasoma utambulisho wa chipu yenyewe, haiamini jina lililopachikwa. 1050 Ti halali itatokea kama GP107. Ukiona herufi zinaanza na GF, mrudishie mwenye duka kadi yake kwa upole. Kwa Intel na AMD, tumia muunganisho wa simu, sakinisha vulkan-tools palepale, kisha:

vulkaninfo --summary

Tafuta apiVersion isiyopungua 1.3, lakini soma na deviceName. Ikiandikwa llvmpipe, unachokiona ni prosesa inayochora yenyewe bila kadi, na namba nzuri ya toleo hapo haina maana.

Kuhusu kusakinisha hatutarefusha, Mint ni nyepesi kupiga kuliko Windows. Picha yake ni karibu gigabaiti 3. Iandike kwenye flashi kwa Rufus, Etcher au Ventoy. Menyu ya kuwashia ni F12 kwenye Dell, F9 kwenye HP. Mambo mawili ndiyo yanayokwamisha watu. La kwanza, Dell nyingi zinakuja na SATA Operation ikiwa RAID On, na kisakinishi kinaweza kushindwa kuiona SSD, hasa ya NVMe. Ingia BIOS, iweke AHCI. La pili ni Secure Boot. Ukiiacha wazi ukasakinisha draiva ya Nvidia, mashine itakapowaka tena utakutana na skrini ya buluu inayotaka Enroll MOK. Watu huipita haraka wakidhani ni hitilafu. Matokeo yake draiva haipandi, na gemu zinacheza kwa kukatakata. Kwa mashine ya kibanda, izime tu Secure Boot kwenye BIOS uondokane na habari hiyo.

Baada ya hapo fungua Driver Manager, chagua nvidia-driver-580, washa upya, thibitisha kwa kuandika nvidia-smi kwenye terminali. Mfululizo wa 580 ndio wa mwisho kuhudumia kadi za vizazi vya Maxwell na Pascal, yaani 750 Ti na 1050 Ti. Itakuja siku mfumo utakupendekezea namba kubwa zaidi. Ukiikubali bila kusoma, kadi itaachwa bila draiva. Kwa hiyo 1050 Ti ni kadi ya miaka michache iliyobaki, na bei unayoipatania iwe inalijua hilo.

Steam ichukue kwenye hazina ya Mint yenyewe:

sudo apt install steam-installer

Ndani ya Software Manager ipo pia ya Flatpak, aina nyingine ya kifurushi cha programu. Tunaikwepa kwa sababu inashusha mrundo wake wa maktaba unaokula bando, na haioni diski ya pili mpaka uipe ruhusa kwa mkono. Ile ya Snap wanayoitumia watu wa Ubuntu haina sifa nzuri, na Mint imeifungia Snap kwa makusudi.

Sasa bando, ambalo kwa Arusha lina uzito kuliko fremu kwa sekunde. Mbali na gemu zenyewe, tenga gigabaiti 2 hadi 3 za Steam, Proton na masasisho ya kwanza. Kisha kuna kitu kinachovuja kimyakimya: Steam kwenye Linux hupakua sheda (vipande vya programu ambavyo kadi huchorea picha) zilizokwisha kutayarishwa kwa kila gemu, na huzirudia kila zikibadilika. Gemu moja kubwa inaweza kukumalizia mamia ya megabaiti bila wewe kugusa kitu. Nenda Settings, Downloads, uzime Shader Pre-caching. Gharama yake ni kwamba dakika za mwanzo za gemu mpya zitakuwa na mkwamo mdogomdogo wakati kadi inajitengenezea sheda zake, halafu inatulia. DXVK za sasa zimepunguza sana mkwamo huo. Ukurasa huohuo una ratiba ya masasisho. Ipeleke saa za bando la usiku.

Mwenye mashine zaidi ya moja asipakue gemu mara mbili. Tangu Februari 2023 Steam inaruhusu mashine moja kuichukua gemu kutoka kwa jirani yake kwenye mtandao wa ndani, na faili za gemu ya Windows ni zilezile Proton inazozitumia, hivyo hata mashine ya Windows inaweza kuilisha ya Mint. Washa Game File Transfer pande zote mbili. Akaunti zikiwa tofauti, ziwe marafiki au uruhusu yeyote aliye kwenye mtandao huo. Tumia swichi ya gigabiti: gemu ya gigabaiti 100 inaweza kuhama kwa dakika 15 hadi 20 kama SSD ziko vizuri, wakati swichi ya zamani ya megabiti 100 itakushikilia zaidi ya saa 2. Tofauti ya bei kati ya swichi hizo mbili ni ndogo mno kuibania.

(Akaunti ya kawaida ya Steam ni ya matumizi binafsi. Kibanda kinachotoza wateja kina mpango wake kwa Valve, unaitwa PC Café. Wengi hawaujui, au wanajifanya hawaujui.)

Kosa linaloharibu sifa ya Linux mitaani kuliko yote ni kuacha gemu kwenye diski ya NTFS (mpangilio wa faili wa Windows) iliyotoka Windows, kwa kutaka kuokoa muda. Gemu itaonekana, itasakinika, kisha itagoma kuwaka au itapoteza maendeleo ya mchezo yaliyohifadhiwa. Proton inatengeneza viungo na majina ya faili yasiyopatana na NTFS, na kama Windows ilizimwa huku Fast Startup ikiwa wazi, diski itafunguka kwa kusomwa tu. Hamisha unachotaka kukibakiza, ifute diski, iumbe upya kwa ext4, mpangilio wa faili wa Linux.

Umeme ukikatika katikati ya mchezo, ext4 kwa kawaida inajirekebisha yenyewe mashine ikiwaka. Kinachoumia ni gemu iliyokuwa inapakuliwa. Ipe Verify integrity of game files kabla ya kumlaumu mtu. Hapa ndipo Bazzite, mshindani mkuu wa Mint kwa gemu, inapoizidi. Bazzite imejengwa juu ya Fedora ya aina isiyobadilishwa vipandevipande: sasisho linakuja zima, na lililotangulia linabaki kwenye menyu ya kuwashia. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, unawaka na la jana. Steam na draiva ya Nvidia zimo tayari, mradi upakue picha inayolingana na kadi yako, maana ya Pascal na ya kadi mpya ni tofauti. Ukiwa na Secure Boot itakuuliza nywila ya ufunguo, nayo ni universalblue. Ni kazi safi, na kwa mtu mwenye faiba nyumbani Njiro tungempa Bazzite bila kusita. Kwa anayenunua bando kwa simu, picha yake ya kuanzia ni kubwa kuliko ya Mint mara mbili au zaidi, na masasisho yake hayana huruma. SteamOS ya Valve yenyewe imelenga vifaa vya AMD. Mwenye 1050 Ti asiihangaikie.

Tufike kwenye gemu. EA waliingiza ulinzi wao dhidi ya udanganyifu kuanzia FIFA 23, na ulinzi huo unakaa ndani kabisa kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya Windows. Proton haina kerneli ya Windows ya kuuonyesha, kwa hiyo FC 24, 25 na 26 haziwaki, hata ukitaka kucheza wawili kwenye skrini moja bila intaneti. Si suala la kadi wala la fundi. Fortnite, Valorant, Warzone na PUBG ziko kundi hilohilo la kusahau. Apex Legends ilikuwa inacheza mpaka wenyewe walipoifungia Linux mwishoni mwa Oktoba 2024. Inaudhi zaidi kujua kwamba Easy Anti-Cheat na BattlEye, programu za ulinzi wa aina hiyo zinazotumiwa na gemu nyingi, zimeiruhusu Proton tangu 2021. Kinachobaki ni mwenye gemu kukubali, na wengine hawataki.

GTA V iko katikati. Tangu Septemba 2024 ilipowekewa BattlEye, Online haipatikani kwenye Linux. Hadithi yenyewe inacheza vizuri, na kwenye 1050 Ti unapata 1080p laini kwa mipangilio ya kati. Kwenye Launch Options andika:

-nobattleye

Bila neno hilo utakwama kabla ya kuingia mjini.

Zilizobaki ni nyingi na ndizo zinazoweza kulipa kodi ya kibanda. Counter-Strike 2 na Dota 2 zina toleo la Linux lenyewe. Tekken 7 kwa padi mbili haina tatizo. Euro Truck Simulator 2, ambayo vijana wa mabasi wanaipenda kwa ajili ya modi za basi, nayo ina toleo la Linux. Faili za modi ziweke hapa:

~/.local/share/Euro Truck Simulator 2/mod

Ukiamua kuiendesha kwa Proton, jambo ambalo kwenye baadhi ya mashine linaongeza kasi, folda hiyo haitasomwa tena. Itakuwa ndani ya steamapps/compatdata/227300, ukifuata pfx, drive_c, users, steamuser mpaka Documents. Malalamiko ya "modi zimepotea" karibu yote yanatoka hapo. Kwa gemu nyingine yoyote, angalia ProtonDB, tovuti ambako wachezaji huripoti gemu zinavyocheza kwa Proton, kabla ya kulipa, usome ripoti za watu wenye kadi kama yako badala ya kutazama medali peke yake. Steam inatoza kwa dola, na ukichemsha unapaswa kuomba kurudishiwa ndani ya siku 14, ukiwa hujaicheza zaidi ya saa 2.

Padi. Za Xbox za waya zinachomekwa na kufanya kazi. DualShock 4 na DualSense halisi zina draiva ndani ya kerneli. Zile za bei rahisi zisizo na jina, zinazojitambulisha kama DragonRise, zinaonekana lakini vitufe vyake viko hovyo. Zipange mara moja ndani ya Settings, Controller, na Steam itakumbuka. Kopi za DualShock 4 ndizo zenye visa. Nyingi zinakubali kwa waya na kukatikakatika kwa Bluetooth, na kerneli za mwanzo za mfululizo wa 6 huzikataa baadhi yake kwa sababu hazijibu maswali ambayo padi halisi huyajibu. Fungua Update Manager, View, Linux Kernels, upandishe kerneli, kisha ujaribu tena. Ukienda kununua, nenda na laptopu yenye jstest-gtk, programu ya kupima padi, chomeka padi na uiache mezani bila kuigusa. Mistari ya analogi ikicheza yenyewe, hiyo iache dukani.